Lita Mbili za Oili Safi

Bolti ilitoka, na nyuma yake hakikutoka kitu.

Mkaguzi wa magari alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, beseni tupu kando ya shavu lake. Alisubiri. Kisha akaingiza kidole ndani ya tundu, akakizungusha, akakitoa na kukiinua ili Inspekta akione. Kidole kilikuwa na unga mweusi wa chuma, mkavu kama wa penseli.

"Hata tone," alisema. "Afande, nimekagua magari miaka kumi na tisa. Giaboksi yenye oili pungufu nimeona nyingi. Kavu namna hii, sijawahi."

Inspekta aliandika saa: tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu. Kituoni walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "kiasi hivi" mahali panapotakiwa namba.

Gari lilikuwa dogo, la gia za mkono, mali ya mkunga wa miaka thelathini na minne. Jumamosi asubuhi, kilomita hamsini na nane kutoka nyumbani kwa baba yake alikoishi, katikati ya mteremko, tairi zote mbili za mbele zilijifunga kwa pamoja. Gari likageuka ubavu na kugonga ukuta wa mawe. Lilibaki limesimama kwa magurudumu yake, lakini upande wa dereva ulikuwa umebonyea hadi katikati ya kiti. Ilikuwa saa moja na nusu. Simu ya marehemu ilionyesha kwamba saa moja na dakika kumi na mbili alimpigia baba yake, wakazungumza kwa sekunde arobaini na sita.

Tangu Jumamosi mchana, fundi aliyebadilisha oili ya gia ya gari hilo siku ya Alhamisi alikuwa mahabusu. Saa kumi jioni ya leo jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likiwa na ushahidi wa uzembe uliosababisha kifo, fundi angepelekwa mahakamani kesho. Likiwa halina, angeachiwa leo.

"Kazi imekwisha," mkaguzi alisema huku akijikung'uta vumbi. "Alimwaga ya zamani, akasahau kutia mpya. Gia zimesagana mpaka zikashikana."

Rula alimuuliza kwa nini ameanza kufungua bolti ya juu kabla ya ile ya chini.

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa soksi kabla ya viatu. Ya juu ni ya kujazia, alieleza, ya chini ni ya kumwagia. Huigusi ya chini mpaka ya juu iwe imekubali kufunguka. Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikagoma kwa kutu, umebaki na gari lisilo na oili na huna pa kuitilia.

"Na oili ikishajaa, fundi anajuaje?"

"Inarudi yenyewe kwenye tundu la juu. Inamwagika kidogo, anafunga."

Rula alivua koti, akalala juu ya boksi lile lile. Kutoka tundu la juu, mchirizi ulishuka ubavuni mwa giaboksi. Ulikuwa umepita juu ya tope la miezi mingi na kulisafisha, upana wa milimita nane, na juu yake palikuwa na vumbi jepesi la siku mbili tatu. Alipotoka aliziweka bolti mbili juu ya karatasi nyeupe. Kila moja ilikuwa na kipete chake cha shaba, vyote viwili vyekundu na laini. Lakini pembe za bolti ya juu zilikuwa kali, na za bolti ya chini zilikuwa zimelika, moja ikiwa imekatika kabisa.

"Spana gani inaitafuna bolti hivi?"

Mkaguzi alikohoa. "Ile ya kupanuka. Mafundi wanaiita spana malaya, afande, samahani."

"Kwa nini?"

"Inakubali bolti yoyote, ila haiitendei haki hata moja."

Rula aliandika: spana ya kupanuka. Kisha akamtaka mkaguzi afikirie. Fundi mmoja, gari moja, saa moja. Bolti ya juu aifungue kwa spana inayotosha, ya chini aifungue kwa spana ya kubahatisha, kwa sababu gani? Na mchirizi ule umetoka wapi, kama hakutia oili? Mkaguzi alisema mchirizi unaweza kuwa wa zamani. Rula alimwonyesha vumbi.

*

Fundi Shaba alipata jina lake kwa vile vipete. Wenzake walinunua vipya. Yeye alivichoma vya zamani mpaka vikawa vyekundu, akavitumbukiza kwenye maji ili vilainike, akavirudisha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, na siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemwachia macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Rula alipomwambia giaboksi imekutwa kavu, aliuliza ilivuja wapi.

"Haikuvuja. Bolti zote mbili zilikuwa zimekazwa."

Fundi alitazama mlango, kisha meza, kana kwamba lita mbili za oili zingeweza kuwa zimejificha mle ndani.

Rula alimtaka aeleze kazi ya Alhamisi bila kuruka hatua. Akaeleza. Alilizungusha gari robo saa ili oili ipate moto na kuteremka vizuri. Akalipandisha juu ya shimo, sakafu sawa, kwa sababu gari likiinama oili inarudi kabla ya kujaa na unadanganyika. Akafungua ya juu, kisha ya chini. Akapangusa sumaku ya bolti ya chini, ile inayonasa chembe za chuma. Akatia mpya kwa pampu ya mkono, lita mbili, ikarudi, akafunga.

"Nani alikuona?"

"Yeye mwenyewe. Alikaa kwenye tairi anapanga zamu za wenzake. Akaniambia pampu yangu inafanana na ile wanayowanyweshea watoto wachanga wakishindwa kunyonya. Akasema, fundi, siku ukichoka na magari njoo wodini. Tukacheka." Alisita. "Nilimwambia sasa endesha usiku na mchana, hili gari haliguswi na mtu mpaka mwakani."

Shahidi pekee alikuwa marehemu. Rula alisukuma mfuko wa plastiki wenye bolti ya chini. Fundi aliigeuza mara moja tu.

"Nani ameitafuna hii?"

Aliuliza kwa hasira ya kweli, ya mtu anayeona chombo chake kimeharibiwa, na kwa muda huo alionekana kusahau yuko wapi. Rula hakuiandika hasira. Alifungua orodha ya vifaa vilivyochukuliwa kwenye karakana yake: vifaa sabini na vitatu. Alishuka nayo kwa kidole mpaka mwisho. Spana ya kupanuka haikuwamo.

Palikuwa na jambo moja lililobaki bila mahali pa kukaa. Mvunja kokoto aliyekuwa kando ya barabara, kilomita mbili kabla ya ajali, alisema gari lilimpita likitoa moshi wa bluu, mwingi, kama mtu anachoma majani mabichi. Rula alimsomea fundi sentensi hiyo.

"Bluu?" Fundi alikunja uso. "Afande, giaboksi haina pa kutolea moshi. Ikikauka inalia, inalia mpaka mtu wa nje anasikia. Moshi wa bluu ni injini inakunywa oili. Na mimi injini sikuigusa, haikuwa na tatizo. Injini ile ilikuwa na afya kuliko mimi."

Rula alifunga daftari na kurudi uani kwa haraka kuliko kawaida yake.

*

Kijiti cha kupimia oili ya injini kina alama mbili, ya pungufu na ya kutosha. Mkaguzi alikichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu na kuendelea. Rula aliweka rula: milimita sitini na moja kupita alama.

"Haiwezekani," mkaguzi alisema, akarudia kupima. Ikatoka ile ile.

Waliimwaga kwenye beseni na kuihesabu kwa jagi. Injini ile, kwa kitabu cha gari, inachukua lita tatu na nusu. Jagi la mwisho lilipojaa, hesabu ilikuwa lita saba na nusu. Mkaguzi aliketi juu ya tairi.

"Mtu ametia lita nne juu ya zilizokuwamo. Hakumwaga hata kidogo, akaongeza nne. Nani anafanya hivyo?"

Rula alikuwa tayari amefungua jalada, ukurasa wa kumi na nne. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, maelezo ya baba wa marehemu, Jumamosi saa tisa alasiri. Mzee alikuwa dereva wa malori mstaafu, miaka thelathini na mmoja barabarani, na mtaani walimwita Mzee Trela. Rula alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

"'Ijumaa jioni nilimbadilishia mwanangu oili ya injini mimi mwenyewe, maana alikuwa na safari. Nilinunua kopo la lita nne, nikalitia lote. Iliyotoka ilikuwa lita mbili tu. Fundi gani anamwachia mtu gari lenye oili nusu? Huyo ndiye aliyeniulia mwanangu.'"

Pembeni, kwa wino mwekundu, Rula alikuwa ameandika siku ile: uzembe wa fundi, nukta ya pili.

"Giaboksi hii inachukua lita ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mbili," mkaguzi alisema. Kisha alisikia alichosema. Alivua kofia na kuishika mkononi.

Baadaye aliinama chini ya gari na kuonyesha kwa kidole, pole pole, kama mtu asiyetaka kuwa sahihi. Kwenye lori injini imelala kwa urefu. Ukiingia chini kwa mbele, bolti ya kwanza unayokutana nayo ni ya injini. Giaboksi iko nyuma huko, mbali. Kwenye gari hili dogo injini imelala kwa upana, na giaboksi iko ubavuni mwake, sambamba. Bolti mbili, umbali wa mkono mmoja kati yao, sura moja. Ukiingia kwa upande wa kushoto, ya kwanza ni ya giaboksi.

"Miaka thelathini na mmoja mkono umezoea bolti ya kwanza," alisema.

"Hiyo bado ni dhana," Rula alisema. "Nazihitaji hizo lita mbili."

*

Aliyefungua lango alikuwa mdogo wa marehemu, msichana aliyefunga kitambaa cheusi. Rula alisimama kuzitazama bawaba. Zilikuwa zimepakwa oili nzito ya rangi ya asali, na ilikuwa imechuruzika hadi kwenye saruji. Msichana alieleza kwamba lango hilo lilikuwa linapiga kelele miaka yote, mtaa mzima ukijua nani ameingia saa ngapi. Baba alilinyamazisha Ijumaa.

Mzee Trela alikuwa uani, kwenye mojawapo ya viti vya kuazima vilivyopangwa kwa ajili ya waombolezaji. Alisimama kumpokea. Alikuwa mkubwa wa mwili na aliyenyooka, shati limepigwa pasi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama fundi amekwisha kukiri.

Rula alimpa pole, kisha akamwomba amwonyeshe namna alivyobadilisha oili ile, hatua kwa hatua, kwa ajili ya jalada. Mzee alikubali kwa ari. Alionekana kufarijika kupata kitu cha kufanya kwa mikono. Alileta mkeka aliolalia. Alionyesha mahali gari lilipokuwa, ukutani, na kwa kuwa upande wa kulia haukuwa na nafasi, aliingia kwa kushoto. Alileta spana. Ilikuwa ya kupanuka, ndefu kama mkono wa mtoto, taya zimelegea.

"Hii imevuka mipaka mitano na mimi," alisema. "Haijawahi kunitupa."

Alieleza kwamba jioni ilikuwa inaingia na marehemu alimwita mara mbili aje ale, akimtania kwamba atalala chini ya gari kama zamani. Mzee akatia kopo zima. Akachomoa kijiti, akakiona kimelowa vizuri. Miwani yake ilikuwa ndani ya nyumba.

Rula aliuliza oili iliyotoka iko wapi. Mzee aliteremsha dumu dogo kutoka kwenye rafu, karibu na ndoo za rangi.

"Nisingeimwaga, ilikuwa safi. Nimepaka bawaba tu."

"Hukushangaa kuwa safi?"

"Nilishangaa kuwa chache," Mzee alisema, na hasira ya Jumamosi ikarudi usoni. "Mwanangu alikuwa anaendesha injini yenye lita mbili. Usiku ule sikulala nikimfikiria fundi yule."

Rula alitoa kwenye mkoba chupa tatu za kioo na kuzipanga juu ya kiti. Ya kwanza alikuwa ameijaza asubuhi ile, mbele ya mashahidi, kutoka kopo la oili ya gia lililokuwa kwenye karakana ya fundi. Ya pili ilitoka kwenye injini. Ya tatu aliijaza pale pale kutoka kwenye dumu. Hakusema lolote kuhusu hata moja. Alimwomba tu avae miwani na azinuse.

Oili ya gia ina harufu yake, kali, ya kiberiti na kitunguu kilichooza. Anayeijua hahitaji maabara. Ijumaa Mzee hakuwa na sababu ya kunusa. Sasa alinusa ya kwanza. "Ya gia," alisema mara moja. Alinusa ya pili. "Ya injini, mpya imechanganywa na kuukuu." Alikuwa na uhakika wa dereva mzoefu anayefanyiwa mtihani mwepesi. Alinusa ya tatu.

Aliirudia ya kwanza, kisha ya tatu. Akaiinua kwenye mwanga, akaiteremsha.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye dumu lako, Mzee. Umeniona."

Alichukua kifuniko na kuifunga chupa. Akakikaza. Kilikuwa kimefika mwisho, lakini aliendelea kukikaza, vidole vikiteleza, mpaka Rula aliponyoosha mkono na kuichukua. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Baba, kuna nini?"

Hakumsikia. Alikuwa anautazama ukuta, pale gari lilipokuwa, na macho yake yalikuwa yakishuka na kupanda kama ya mtu anayehesabu: kushoto, bolti ya kwanza, mkono mmoja, bolti ya pili. Rula alimsogezea kiti. Aliketi kwa vipande, kwanza mkono, kisha mwili.

"Giaboksi imekutwa kavu," Rula alisema. "Injini imekutwa na lita saba na nusu. Fundi alijaza. Lita zake mbili ni hizi." Alitoa daftari. "Kuna jambo moja nahitaji kwako. Saa moja na dakika kumi na mbili alikupigia. Jumamosi ulisema alikuarifu kwamba amefika kileleni, anaanza kuteremka. Hayo ni maneno ya sekunde kumi. Mlizungumza arobaini na sita."

Mzee alimwambia binti yake aingie ndani. Hakuingia. Aliweka sinia chini, akabaki amesimama.

"Aliniuliza," Mzee alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikulingana na mwili ule. "Alisema, baba, gari linalia kama lango letu la zamani, na gia ya tatu inakataa. Nisimame?"

Rula aliandika, akasubiri.

"Nikamwambia asisimame, pale hapana watu, atachelewa. Nikamwambia, teremka tu taratibu mwanangu, usiogope. Oili nimeitia kwa mkono wangu."

Binti alijifunika mdomo. Uani palikuwa na viti ishirini na saba, vitupu. Rula alimaliza sentensi, akaweka nukta, na kwa kuwa utaratibu unataka maelezo yasomwe kwa aliyeyatoa, aliyasoma yote tangu mwanzo kwa sauti ile ile ya kila siku. Alipofika mwisho, Mzee aliomba ahakikishiwe kwamba maneno "kwa mkono wangu" yameandikwa. Rula alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mzee alitia sahihi. Herufi za jina lake zilipanda nje ya mstari.

"Mfungulie fundi wa watu," alisema.

Rula alipiga simu kituoni akiwa bado uani. Mwendesha mashtaka angeamua nini juu ya Mzee, hakujua, na hakusema. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Alitia dumu, spana na chupa tatu kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika namba juu ya kila kimoja, akatoka. Binti alimfuata na kufunga lango nyuma yake. Lilifungwa bila sauti, na kule uani Mzee aliinamisha kichwa kana kwamba amelisikia.